Usiku wa Kuamkia Safari: Mlale Wapi, Mfikeje Uwanjani

Tiketi inakatwa miezi mitatu kabla. Viza inahangaikiwa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano inatafutwa, sanduku jipya linanunuliwa Kariakoo na nguo zinajaribiwa mbele ya kioo. Lakini muulize msafiri wa Dar es Salaam usiku wa safari atalala wapi, atakujibu, "Tutaona." Na kinachoonekana mara nyingi ni mume na mke wamekwama Barabara ya Nyerere, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Mmoja anasema "nilikwambia tutoke mapema," mwingine kanyamaza. Wanaagana hivyo hivyo, wamenuna. Halafu mmoja anakwenda Muscat miaka miwili.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuzungumzie hoteli na gesti za jirani na uwanja wa ndege. Wengi tunadhani ni mambo ya Wazungu wanaosubiri ndege ya kwenda mbugani. Si kweli. Kama unatoka mkoani, au unakaa Bunju, Mbweni au Kibaha, na mwenzi wako anaondoka kwa muda mrefu, hela ya chumba karibu na uwanja ni hela ya saa kadhaa za utulivu, wawili peke yenu, sanduku limeshafungwa. Mtu wa Tabata au Segerea alale kwake tu, asidanganyike.

Tuanze na saa, manake hapa ndipo watu wengi wanapoachwa na ndege wakiwa nyumbani wanakula.

Tuseme tiketi imeandikwa Jumapili tarehe 15, saa 03:45. Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini na tano usiku, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Sisi tumezoea kusema "kuamkia" kwa sababu wazee wetu waliihesabu siku kuanzia jua linapozama. Tiketi haijui mambo ya magharibi. Kwake siku inaanza saa sita kamili usiku. Kwa hiyo anayesoma "Jumapili" akapanga kutoka nyumbani Jumapili jioni, ndege yake itakuwa imeondoka zamani, yeye ndiyo kwanza anapiga pasi. Na ndege nyingi za nje zinaondoka Dar usiku wa manane au alfajiri, kwa hiyo hili si jambo la mtu mmoja mmoja.

Sasa lihamishie kosa hilo kwenye chumba. Ndege ya Jumapili 03:45 inataka chumba cha usiku wa Jumamosi tarehe 14. Anayerudi naye ni hivyo hivyo. Ndege ikitua Jumapili saa nane usiku, na wewe umemwekea chumba "cha Jumapili", mtafika mapokezi mmechoka, mtoto analia, na dada wa kaunta atawaambia kwa upole kwamba chumba chenu kitakuwa tayari saa nane mchana. Hana kosa. Lipia usiku wa Jumamosi hata kama mtaingia usiku umebaki robo, na uwaambie kabisa mtafika saa ngapi, wasije wakakigawa kwa mtu mwingine wakidhani hamji.

Halafu kuna lugha mbili za saa zinazogongana pale mapokezi. Ukitaka kuamshwa 05:00, sema "saa kumi na moja alfajiri" na uhakikishe imeandikwa hivyo. Ukisema "five" kwa kujionyesha, kijana wa zamu anaweza kukugongea saa tano usiku, au saa tano asubuhi, wakati wenzako wameshavuka Bahari ya Hindi. Dereva naye mtumie ujumbe wenye saa, siku na neno "usiku" au "mchana". Usitegemee kumbukumbu.

Hesabu ya kutoka ni rahisi. Safari ya nje, uwe uwanjani saa tatu kabla. Kwa mashirika mengi dawati la mizigo linafungwa saa moja kabla ya kuondoka, na likifungwa limefungwa, hata ukilia. Kwa ndege ya 03:45, uwe mlangoni kabla ya saa saba kasorobo usiku. Maana yake chumba chenu kinaanza kazi alasiri. Mnaingia, mnaoga, mnakula mapema, mnalala kidogo, saa tano na nusu mnaamka. Anayefika hotelini saa nne usiku amelipia kuoga tu.

Jengo lipi?

Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria, na kumwambia dereva "nipeleke eapoti" hakutoshi. Jengo la Tatu lilizinduliwa Agosti 2019, likajengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, na ndege za kimataifa zikahamia huko. Jengo la Pili, lile la miaka ya 1980 ambalo wengi tulilijua kama ndio uwanja wenyewe, likaachiwa safari za ndani. Jengo la Kwanza ndilo la zamani zaidi, la ndege ndogo, nalo limejitenga na hayo mawili na lina njia yake ya kuingilia. Ukishushwa Jengo la Pili wakati kindege chako cha Mafia kiko Jengo la Kwanza, na sanduku mkononi na jua la saa saba, utajua kwamba uwanja mmoja unaweza kuwa mbali na wenyewe. Mashirika huhamishwa jengo mara kwa mara, kwa hiyo soma tiketi, na kama haisemi, piga simu shirika la ndege siku moja kabla. Usimuulize shemeji aliyesafiri mwaka juzi.

Anayetoka Mwanza kwa ndege ya ndani kisha anaunganisha ya nje, ajue kwamba tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni safari mbili. Mizigo ataitoa mwenyewe, atoke nje, aende jengo lingine, aanze upya. La Pili na la Tatu ni majirani, ila jirani mwenye masanduku mawili ya kilo 23 na mtoto mgongoni anahitaji gari. Kama kati ya ndege hizo mbili kuna usiku mzima, hapo ndipo gesti ya karibu inapolipa.

Usipitie mjini kama huna shida na mji

Kutoka Posta hadi uwanjani ni kilomita 12 hivi. Saa tisa usiku ni safari ya kumaliza nyimbo nne za redio. Jioni ya siku ya kazi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu unakwenda na umati wote unaorudi Kiwalani, Ukonga na Gongo la Mboto. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, liliondoa fundo kubwa, lakini halikuondoa magari. Masika yakipamba moto na Jangwani ikajaa maji, anayetoka Magomeni ndiyo anajua Dar ni mji wa namna gani.

Ndiyo maana sina hamu na hoteli za ghorofa za mjini kwa usiku wa safari, hata ziwe na bwawa la kuogelea juu ya paa. Lala upande wa uwanja. Anayekuja na basi la mkoani siku hizi anashukia Mbezi, Stendi ya Magufuli, ile iliyozinduliwa Februari 2021 baada ya enzi za Ubungo. Kutoka Mbezi kuna barabara ya lami ya Malamba Mawili na Kinyerezi inayokutoa Banana, hatua chache za gari kutoka uwanjani. Huna haja ya kuigusa Kimara wala Ubungo. Wa Dodoma na Morogoro wanaokuja na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, waulize wakati wa kukata tiketi kama treni yao inasimama Pugu. Ikisimama, unashuka huko na kuja uwanjani kwa Gongo la Mboto, na jioni utakuwa unakwenda kinyume na foleni. Wa Zanzibar anayekuja na boti hana ujanja, bandari iko mjini, basi achukue boti ya mapema.

Gesti yenyewe sasa

Kuanzia Kipawa, Karakata, Majumba Sita, Banana hadi Ukonga kuna nyumba za kulala wageni za kila bei. (Kipawa ya leo si ile ya utoto wetu, sehemu yake kubwa ilihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja.) Bango likisema "dakika tano toka airport", uliza dakika tano za nini, za gari au za ndege?

Tuseme ukweli, baadhi ya nyumba hizo zinaishi kwa biashara ya shoti taimu. Mimi simhukumu mtu. Lakini kwa mume na mke wanaotaka kulala saa nne kabla ya safari, milango inayogongwa kila nusu saa si mahali pake. Utaijua mapema. Piga simu uombe chumba, na swali la kwanza likiwa "mnakaa muda gani?" kabla hata ya jina lako, shukuru, kata simu, endelea na nyingine. Kama una ndugu Dar, apite akaone jioni, siyo asubuhi. Asubuhi kila gesti ni tulivu.

Ukiipata yenye sura nzuri, maswali ya maana ni machache na yote ni ya usiku. Saa sita usiku geti linafunguliwa na nani, na huyo mtu analala wapi? Umeme ukikatika kuna jenereta? Maji yanatoka bombani au ya ndoo? Na wakisema wana gari la kuwapeleka wageni, usikubali neno "bure" likakulainisha. Uliza gari hilo ni la hoteli au ni la rafiki yake meneja, linatembea usiku, linabeba masanduku mangapi, linaingia hadi mlango wa Jengo la Tatu au linakushusha barabarani. Mwenye bajaji pia muulize hilo hilo. Nikiambiwa nichague kati ya chumba cha kifahari kisicho na uhakika wa gari, na chumba safi cha kawaida chenye dereva anayelala hapo hapo uani, nachukua cha pili. Chukua namba ya dereva mwenyewe, mpigie jioni umsikie sauti. Na uwe na namba ya dereva wa akiba, teksi za kuita kwa simu zipo ila saa nane usiku, mvua inanyesha, usiziwekee roho.

Kwa nchi za watu kanuni haibadiliki sana. Dubai kuna hoteli ndani kabisa ya Jengo la 3 linalotumiwa na Emirates, unalala bila kupita uhamiaji. Lakini ndege nyingi za flydubai ziko Jengo la 2, ng'ambo ya pili ya njia za kurukia. Addis Ababa, Ethiopian wana hoteli yao kubwa, Skylight, karibu na uwanja wa Bole. Kama ratiba ya shirika ndiyo inayokulaza njiani, uliza unapokata tiketi kama watakulipia chumba, gari na viza ya kutoka nje. Ukiuliza ukiwa umeshafika, utakuwa unaomba.

Na wanaorudi je? Hapa ndipo ninapogombana na mila kidogo. Mtu amekaa nje miaka miwili, ndege inatua usiku wa manane, na nje kuna Kosta nzima ya ndugu, wajomba, mashangazi na majirani, wote wana haki naye. Mwenzi wake anasimama nyuma, anashika begi. Alfajiri wanafika nyumbani, sebule imejaa, chai inapikwa, zawadi zinafunguliwa, na wawili hawa hawajaongea hata maneno kumi. Shoga yangu mmoja alikataa. Alimwambia mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba ndege inatua usiku mno kwa watu wazima kusumbuka, watakuja wenyewe mchana. Akachukua chumba Majumba Sita, akampokea mumewe peke yake. Mama mkwe alinuna siku mbili. Ananiambia mumewe aliongea hadi kunakucha, mambo ambayo kwenye simu hakuwahi kuyasema hata moja, likiwemo deni ambalo angelisikia kwa watu.

Dada unayerudi peke yako usiku, chumba cha karibu ni usalama pia. Bei mmalizane kabla sanduku halijaingia kwenye buti, na dereva wa hoteli akutumie namba ya gari kabla hujapanda ndege.

Jambo la mwisho ni la anayebaki. Mlangoni walinzi wanaangalia tiketi na pasipoti, asiyesafiri haingii, na gari haliruhusiwi kuganda pale. Kuagana kwenu mkumalize chumbani, mlangoni ni kukumbatiana mara moja tu. Halafu dereva aambiwe mapema kwamba ana abiria wa kurudi. Watu wengi wanamaliza kusindikiza, wanaanza kutafuta usafiri wa Mbagala saa saba usiku, macho mekundu, simu imeisha chaji. Chumba kimelipiwa hadi saa nne asubuhi, na ufunguo uko mkononi mwake. Arudi alale.