Jicho la Mtumba

Katika miaka ya 1980, mtoto wa Nakuru hakuhitaji darubini ili awaone heroe. Ukipanda kidogo Milimani ukageuka kusini, utepe wa waridi ulikuwa umelizunguka Ziwa Nakuru, na hata mwenye macho mabovu aliuona. Wageni walifunga safari kutoka Ulaya na Marekani kuutazama. Sisi tuliouzoea tulicheza mpira.

Darubini zilikuwa mali ya wageni hao na madereva wao. Mjomba wangu, aliyeendesha gari la watalii, aliachiwa moja na Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imewahi kuanguka, vioo vya ndani vya upande mmoja vikasogea, basi ukitazama kwa macho yote mawili kila twiga alikuwa na pacha, na baada ya muda kichwa kiliuma. Mjomba akafumba jicho la kushoto, akaitumia hivyo miaka na miaka. Alilosema kuhusu ndege wa ng'ambo ya ziwa ndilo lililokubaliwa. Nani angembishia?

Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote. Upepo wa mchana ulipeperusha vumbi la magadi, na heroe wakahamia Bogoria na kwingineko. Maji yaliporudi nao walirudi, kwa hiyo hatukushtuka sana. Kilichotushtua ni kinyume chake. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji yalipanda, yakaendelea kupanda: ziwa lililokuwa na kilomita za mraba 40 hivi lilikuwa limepita 60 kufikia 2020, likameza lango kuu la zamani la mbuga na kuingia katika nyumba za watu Mwariki na Barut. Maji mengi yalipunguza ukali wa magadi, na vijimea vidogo anavyovichuja heroe mdogo kwa mdomo wake havisitawi maji yakiwa mepesi. Wengi wakaondoka. Ndege waliobaki wakawa mbali, nyuma ya migunga iliyokufa wima majini.

Hapo macho matupu yakatushinda. Kila Januari watu wa kujitolea huungana na Makavazi ya Kitaifa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mnagawanywa vikundi, kila kikundi na kipande chake cha ufuo. Nilipoanza kwenda, kikundi chetu kilikuwa na teleskopu moja tu, ya kiongozi. Yeye alitaja idadi, sisi tuliandika. Mara mojamoja alikupisha uchungulie, na kabla jicho halijatulia mwenzako ameshakugusa bega. Kumtofautisha heroe mkubwa, mwenye mdomo wa waridi uliopauka na ncha nyeusi, na mdogo, ambaye mdomo wake ni mwekundu wa kukaribia weusi, tena kwa umbali wa kilomita nzima, kulikuwa ni kuaminiana tu.

Madukani Nairobi, teleskopu mpya ya maana iliuzwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Nikahamia mtandaoni, kwanza OLX, kisha Jiji iliyonunua biashara ya OLX ya Kenya mwaka 2019. Matangazo mengi yalikuwa ya vitu vya kuchezea vinavyodai kuleta mwezi sebuleni. Tangazo linalotanguliza ukuzaji, lipite. Uliza upana wa lenzi ya mbele, kisha ugawanye kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni: lenzi ya milimita 80 ikikuza mara 20 inakupa milimita 4, ikikuza mara 60 inabaki 1.3, na alfajiri, saa yenyewe ya ndege, hiyo haitoshi.

Yangu ilitoka Mombasa, kwa mzee mstaafu aliyekuwa akilenga shabaha katika klabu ya bunduki alipoishi ughaibuni. Teleskopu ya namna hii huwekwa kando ya mpigaji ili aone risasi imetoboa wapi kwenye karatasi bila kutembea hadi kule. Nilimwandikia kama watu wanavyoandikiana huko mtandaoni: "Habari, bado iko? Bei ya mwisho?"

Akajibu: "Njema, mwanangu. Kwanza uliza kama ni nzima, bei tutasikizana."

Basi nikauliza. Unyevu wa pwani huzalisha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu hiyo haifutiki kwa kitambaa. Nilimwomba amulike tochi upande mmoja, apige picha upande wa pili. Vumbi lilikuwapo kidogo, kuvu hakuna. Tukasikizana elfu ishirini na nne, nusu kwa M-Pesa mapema, nusu mzigo ukifika. Najua kumtumia pesa mtu usiyemjua ni kujitakia, lakini anayekutaka uulize ubovu kabla ya bei si mwizi wa kawaida. Ilikuja kwa basi la usiku, imeviringishwa kanga ambayo mke wangu hajaiachia hadi leo.

Ukuzaji wa 60 siugusi. Kufikia saa nne asubuhi joto huifanya hewa ya ziwani icheze, unaona mawimbi matupu; 25 au 30 yatosha. Askari mmoja kwenye kizuizi cha barabarani alitaka kujua kwa nini raia anabeba kitu cha bunduki. Nilimtegea atazame mlima wa Menengai, na matatu kadhaa zikapita bila kukaguliwa.

Vijana wa kundi letu nao wakaanza kuwinda mitandaoni. Katika hesabu moja ya karibuni tulikuwa na teleskopu tatu, zote za mtumba. Ndege wadogo wanaokimbia baridi ya kaskazini walikuwa wametapakaa matopeni, na kiongozi akataja mia na kumi. Msichana mmoja wa chuo, jicho bado liko kwenye lenzi, akasema, "Samahani, mwalimu, mimi nina tisini, na wale wa kushoto ni aina nyingine." Zamani ingeandikwa mia na kumi. Ikabidi tuhesabu upya. Tulikuwa tumefika arobaini kipanga alipopita, wote wakaruka.