Pilipili Manga na Aibu Yangu

Siku moja nilimkemea mke wangu mbele ya wageni kwa kuwa mchuzi haukuwa na ladha. Hakunijibu neno. Wageni walipokwenda zao alinionyesha pilipili manga niliyoinunua mimi mwenyewe sokoni, iliyokwisha sagwa, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nikainusa: haikuwa na harufu, kama vumbi. Nikaona haya.

Tangu hapo nanunua punje nzima zitokazo Muheza. Punje njema ni nyeusi, nzito, yenye mikunjo. Ukiibana kwa vidole haipondeki. Ukizitia majini, nzuri huzama. Zilizo tupu huelea, na mbegu za papai wanazochanganya wadanganyifu huelea vile vile.

Twazitwanga kidogo kidogo katika kinu cha shaba, chungu kikikaribia kuepuliwa, maana harufu hupotea upesi punje ikisha vunjwa. Atakaye kinu cha kusagia kwa mkono na achague chenye meno ya chuma kigumu na parafujo ya kukaza na kulegeza.

Wageni wale niliwaalika tena, nikakiri kosa langu mbele yao. Ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mpishi, tazama kwanza ulichomletea.