Minjingu, kwenye jiwe la samaki na ndege

Jina la Minjingu nilikuwa nimelisoma mara nyingi kwenye mifuko ya mbolea katika maduka ya pembejeo ya Dar es Salaam. Wakulima huinunua kupandia mahindi na maharage. Mimi shamba sina. Nina matangi ya kioo ya samaki, na kinachonikalisha mbele yake jioni nzima ni mimea iliyomo: valisneria, ambayo majani yake membamba hupanda kutoka mchangani mpaka yakalala juu ya maji, na anubia ya misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, inayojishika kwenye gogo na kukua taratibu.

Mbolea ya mimea hiyo naichanganya mwenyewe, kwa sababu chupa zinazotoka nje ni ghali na sehemu kubwa ya kilichomo ni maji. Nilikwisha kuizoea naitreti ya potasi, chumvi ya Epsom yenye magnesi, na chuma. Kilichonisumbua ni fosfeti. Katika miaka ya 1990, Paul Sears na Kevin Conlin, waliowafundisha wafugaji wengi wa samaki wa mapambo kujichanganyia mbolea, waliiacha makusudi. Hoja yao ilikuwa kwamba fosfeti ikiwa haba, mimea itaiwahi na mwani utakufa njaa. Baadaye Mmarekani Tom Barr akafundisha kinyume chake: fosfeti itiwe ya kutosha pamoja na virutubisho vingine, na nusu ya maji ibadilishwe kila wiki. Pande zote mbili zina wafuasi wenye matangi ya kupendeza. Nikaona kabla sijachagua upande, niende kwanza nikaone fosfeti inakotoka.

Niliondoka alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Baada ya Chalinze basi lilishika njia ya kaskazini, tukavuka Wami, na kufika Korogwe mashamba ya mkonge yakawa yametanda pande zote. Kuanzia Mombo milima ya Usambara ilisimama upande wetu wa kulia, kisha ikafuata ya Upare. Anayependa mimea hachoki na njia hii. Juu milimani ni kijani kibichi, chini tambarare ni miiba na vumbi, na tofauti yote hiyo unaiona kwenye dirisha moja. Arusha niliingia usiku, nikalala.

Kulipokucha nilipanda gari la Babati. Tulipita Kisongo, tukafika Makuyuni, mahali ambapo magari ya watalii hukata kulia kuelekea Mto wa Mbu na Ngorongoro. Sisi tukaenda moja kwa moja. Nchi ikafunguka: mibuyu, makundi ya ng'ombe na vijana wa Kimaasai nyuma yao, Tarangire upande wa kushoto, na kulia, mbali, Ziwa Manyara likimeta chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki na kukaushwa na jua, ndiyo maana maji yake ni ya magadi. Zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Arusha, nikashuka.

Minjingu ni kijiji cha kando ya barabara chenye kilima chake. Vumbi la hapo ni la kijivu kinachokaribia weupe, na malori yaliyobeba mbolea huliacha hewani kila yanapopita. Kwenye kibanda cha chai nilimkuta mzee ambaye alikuwa amefanya kazi machimboni katika ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mbolea?"

Nikamwambia nimefuata chanzo chake. Alifurahi, akanisogezea benchi. Akanionyesha kilima kwa fimbo, akasema: "Pale palikuwa kisiwani."

Ndivyo wanavyoeleza wajiolojia pia. Zamani za kale Ziwa Manyara lilikuwa pana kuliko lilivyo leo, na maji yakakizunguka kilima cha Minjingu. Ndege wala samaki, hasa minandi, walitua hapo wakapumzika na kuzaa. Kinyesi chao, mifupa yao na mabaki ya samaki waliowala vikarundikana chini kwa maelfu ya miaka, vikachanganyika na tope la ziwa, vikageuka mwamba wa fosfeti. Mifupa ya minandi na ya samaki bado hukutwa ndani ya mwamba huo. Akiba yenyewe iligunduliwa mwaka 1956 na ndege ya utafiti iliyokuwa ikipima mionzi kutoka angani, kwa kuwa mwamba wa aina hii hushika kiasi cha urani.

Niliokota kipande kando ya njia, nikakaa nacho mkononi muda mrefu. Naitrojeni ya mbolea za viwandani hutolewa hewani, na hewa ipo kila mahali. Fosforasi haipatikani hewani. Lazima ichimbwe mahali ambapo viumbe waliikusanya au miamba iliihifadhi, na hapa waliokusanya ni samaki na ndege. Hapo jambo likaniingia. Chakula ninachowapa samaki wangu kila asubuhi kimetengenezwa kwa unga wa dagaa na samaki wengine, mifupa ikiwemo. Kila konzi ninayotupia majini ina fosforasi ndani yake. Samaki wanakula, wanatoa uchafu, bakteria wanauvunja, na mimea inapata fungu lake. Kilichofanyika kwenye kisiwa cha Minjingu kinafanyika ndani ya tangi langu, kwa kipimo kidogo.

Mzee alikuwa na swali lake pia. "Huko kwenu udongo ni mchachu au wa magadi?" Nilipomweleza kwamba sina shamba ila maji, na maji yenyewe ni ya kisima, yenye magadi, akatikisa kichwa. "Unga huu unataka udongo mchachu. Kwenye magadi unalala tu." Wataalamu wa udongo wanasema hivyo hivyo: tindikali ya udongo ndiyo inayoufungua mwamba wa fosfeti taratibu. Pasipo tindikali, hubaki jiwe.

Nilirudi Dar es Salaam na unga kidogo wa mwamba ule, nikaujaribu. Nilipanda machipukizi ya valisneria kwenye mitungi ya kioo isiyo na samaki, yote ikiwa na mchanga uleule na maji yaleyale ya kisima. Mtungi mmoja sikuutia unga wowote. Wa pili niliutia unga majini. Kwa wa tatu nilikanda unga na udongo wa mfinyanzi, nikafanya vidonge, nikavikausha, kisha nikavizika chini ya mizizi. Yote niliipa potasi, naitreti na chuma kwa kiasi sawa.

Unga uliotiwa majini ulizama ukatulia, na kipimo cha fosfeti hakikuonyesha mabadiliko. Maneno ya mzee yalisimama. Penye vidonge mimea ilinawiri, ikatoa vikonyo vipya, kwa kuwa mizizi hutoa tindikali yake kidogo na kula pale ilipo. Kisha nikazika vidonge vya namna hiyo kwenye tangi lenye samaki. Hapo sikuona tofauti yoyote. Fosfeti ilikuwepo tayari, imeletwa na chakula. Kilichobadilisha tangi hilo ni potasi na chuma: matundu kwenye majani ya zamani yakakoma kuongezeka, na machipukizi yaliyokuwa yakitoka meupe yakarudi kijani.

Mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig aliieneza kanuni hii katika karne ya 19: mmea hukua kwa kadiri ya kirutubisho kilicho haba kuliko vyote, hata vingine vikifurika. Kwa hiyo Sears na Conlin walikuwa sahihi kwa tangi lenye samaki wa kutosha, na Barr yuko sahihi kwa tangi lenye mimea mingi, mwanga mkali na samaki wachache. Maji yako ndiyo yatakayokuambia uko upande gani.

Kwa anayetaka kuanza, mchanganyiko ninaoutumia ni huu. Yeyusha gramu 20 za naitreti ya potasi safi katika nusu lita ya maji. Mililita 10 za maji hayo, katika tangi la lita 100, huongeza takriban miligramu 2.5 za naitreti na 1.5 za potasi kwa kila lita. Chumvi ya Epsom na chuma viwe kwenye chupa zao. Kwa maji ya kisima chagua chuma kilichofungwa kwa DTPA, kwani kile cha EDTA hakidumu katika maji ya magadi. Andika jina juu ya kila chupa, ziweke mbali na watoto, na naitreti ya potasi iwe mbali na moto.

Mbolea za shambani kama urea, DAP na CAN usizisogeze karibu na samaki. Zina amonia au hugeuka kuwa amonia, na katika maji ya magadi amonia huua upesi. Shaba ikizidi huua uduvi na konokono. Majivu ya kuni yana potasi, lakini huongeza ugadi wa maji.

Lisha samaki wako vizuri, pima maji, tazama majani, halafu ongeza kile tu kinachopungua. Unga wa Minjingu mwachie mkulima wa maharage mwenye udongo mchachu. Akiba ya mwamba ule ina mwisho wake, na yeye anauhitaji kuliko sisi wenye matangi.