Haki Tuliyoiita Sadaka

Wiki hii hatukuja na mawaidha ya kumrekebisha mtu. Tumekuja na kosa letu wenyewe. Wahusika wameridhia tulieleze bila kutaja majina, kwa kuwa huenda ikawa familia nyingine imo katika hali ile ile.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya Sala ya Alasiri, alitujia nyumbani dada yetu, binti wa mama mdogo. Mwanawe wa kwanza anaishi San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani. Alikwenda huko akiwa kijana, kwa ile bahati nasibu ya grini kadi, na baada ya miaka michache akajiandikisha jeshini hapo hapo Texas, kwani sheria ya nchi ile yamruhusu mkaazi wa kudumu kuwa askari hata kabla ya kupata uraia. Akapelekwa Afghanistan. Alirudi na mgongo ulioumia, sikio moja lisilosikia, na usingizi unaokatika kila usiku.

Suala la Muislamu kuingia katika jeshi lile lina maneno yake, na wanavyuoni wamelizungumza. Dada yetu hakuja kwa hilo. Alikuja na swali alilotumwa na mwanawe.

"Kaka," alisema, "mwanao ameambiwa jimbo lina vitu vyake kwa askari waliopata ulemavu. Nyumba isamehewe kodi, na mtoto asome chuo bila ada. Lakini yataka aandike ombi. Anauliza, je, ni halali? Anaona kama anakwenda kuomba."

Tulimjibu pale pale, kahawa haijapoa. Tulimkumbusha mkono wa juu na mkono wa chini, tukamweleza fadhila za mtu kujizuia na vya watu hali ana haja. Tukasema: mkewe anafanya kazi, yeye mwenyewe yu hai, basi na astahamili, Mola atamfungulia. Tulizungumza vizuri. Dada yetu akaondoka ameridhika, na sisi tukabaki tumeridhika zaidi.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Usiku mmoja simu ikalia. Alikuwa mke wa kijana yule, binti wa Lamu, mpole wa maneno. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akatueleza mambo ambayo mama mkwe wake hakuwahi kuambiwa. Texas haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa mtu. Shule na kaunti za huko hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi, na bili yake ni nzito. Kila mwaka bili ilipofika, yeye aliongeza zamu za usiku katika makao ya wazee anakofanya kazi. Mumewe hawezi kusimama saa nzima. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza sekondari kwa alama nzuri, naye akawaambia wazazi wake kuwa atangoja mwaka mmoja kabla ya chuo, eti amechoka na masomo. Mama alijua kwamba mtoto hakuchoka na masomo.

Kisha akasema, "Mjomba, nakuuliza kwa heshima. Siku ile ulipojibu, ulijua vitu hivi ni nini?"

Hatukujua. Tulimwambia hivyo. Tukamwomba atusomee zile karatasi moja baada ya moja, naye akatusomea usiku ule na usiku uliofuata.

Tulilojifunza kwanza ni kuwa milango ni miwili. Wa kwanza ni wa serikali kuu ya Marekani, yenye idara yake ya askari wastaafu. Idara hiyo humpima mtu majeraha yaliyotokana na utumishi, kisha humwekea kiwango cha ulemavu kwa asilimia, kumi kumi hadi mia, na kumlipa kila mwezi kwa kadiri hiyo. Kijana wetu alikuwa amewekewa asilimia 100, na malipo hayo alikuwa akiyapokea miaka yote bila kuona haya, kwa kuwa yaliingia benki yenyewe. Mlango wa pili ni wa jimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Huu ndio uliotaka aandike ombi, na neno hilo ndilo lililomchoma.

Sheria ya Texas ni hivi. Mwenye ulemavu wa asilimia 10 hadi 29 hupunguziwa dola 5,000 katika thamani ya nyumba inayotozwa kodi. Wa 30 hadi 49, dola 7,500. Wa 50 hadi 69, dola 10,000. Wa 70 na kuendelea, dola 12,000. Aliyefika 100 husamehewa kodi yote ya nyumba anayoishi. Hakuna pesa inayotiwa mkononi. Ni mzigo unaoondolewa. Akifariki, mjane wake huendelea na msamaha ule maadamu hajaolewa tena na nyumba ile bado ni makazi yake.

Jambo la pili ni sheria iitwayo Hazlewood. Aliyejiunga na jeshi akiwa mkaazi wa Texas, akatimiza masharti ya utumishi wake, husamehewa ada katika vyuo vya umma vya jimbo hilo hadi saa 150 za masomo, nazo zatosha shahada ya kwanza na zaidi. Saa ambazo yeye hakuzitumia aweza kumrithisha mwanawe aliye na umri usiozidi miaka 25. Vitabu na chakula havimo, lakini ada ndiyo iliyokuwa imemkalisha binti yule nyumbani.

Twataja pia kwamba haki hizi hazimfuati mtu anapohama, kwa kuwa jamaa zetu wametawanyika. Virginia, wananchi walipiga kura mwaka 2010, na tangu tarehe 1 Januari 2011 askari mwenye ulemavu kamili na wa kudumu hatozwi kodi ya nyumba anayoishi. Minnesota, mwenye asilimia 70 na zaidi huondolewa dola 150,000 katika thamani ya nyumba yake, na mwenye ulemavu kamili wa kudumu huondolewa dola 300,000. Anayehama na aulize upya huko aendako.

Wala hakuna anayekuja kumgongea mtu mlango. Mwenye haki huchukua barua ya serikali kuu inayoonyesha kiwango chake, akaipeleka pamoja na fomu kwenye ofisi ya kaunti inayothamini nyumba. Za chuo huzipeleka chuoni. Katika kaunti nyingi yuko afisa ambaye kazi yake ni kuwasaidia askari wastaafu kujaza karatasi hizo, bila malipo. Asiyeomba hapati, na jimbo haliulizi kwa nini hakuja.

Usiku ule wa pili, baada ya simu, tulikaa muda mrefu na aibu yetu. Miaka thelathini tumesomesha watoto habari za Sayyidna Umar (r.a.) na Diwani aliyoianzisha, daftari lililoandikwa majina ya wapiganaji na jamaa zao, ili kila mmoja afikiwe na fungu lake katika hazina, wanawake na watoto wakiwemo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja tuliyemfundisha kwamba walioandikwa mle walikuwa ombaomba. Tumesomesha pia mlango wa arshi, fidia ya jeraha, jinsi kila kiungo kilivyowekewa kadiri yake. Elimu yote hiyo ilikuwa kifuani siku dada yetu alipouliza. Hatukuitumia, kwa sababu tulisikia neno "omba" tukakimbilia mlango wa sadaka. Hatukuuliza kama kinachotolewa ni hisani ya mtu, au ni malipo yaliyowekwa na sheria kwa mtu aliyetoa mwili wake.

Asubuhi tulimpigia kijana. Tukamwambia, "Mwanangu, tulikujibu kabla ya kuelewa. Lile jibu tumelirudisha. Hii ni haki yako na ya watu wa nyumba yako. Tusamehe."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, usijibebeshe yote. Mimi nilikuwa naona aibu kuandika kwa mkono wangu kwamba siwezi tena. Ulipojibu vile, nilifurahi, kwa sababu nilipata pa kuificha."

Maneno yale yalitufunza zaidi ya karatasi zote. Aliyekuja kuuliza kuhusu halali na haramu alikuwa amebeba swali jingine chini yake, nasi hatukuliona. Mkewe ndiye aliyeliona, lakini heshima yake kwetu na kwa mumewe ilimfunga mdomo mwaka mmoja na nusu.

Alhamdulillahi, fomu ziliandikwa. Kaunti ilikubali, na bili nzito imekoma. Mama amepunguza zamu za usiku. Binti sasa yuko chuoni, ingawa yuko nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja, na mwaka ule sisi hatuwezi kumrudishia.

Kwa hiyo twawausia akina mama wenye watoto huko ng'ambo, na wake wa waliowahi kuvaa sare. Ulizeni ile barua ya kiwango cha ulemavu iko wapi, na kila mtu mzima wa nyumba aijue, kwani mjane asiyejua iliko hupata taabu. Ulizeni jimbo lenu limeweka nini. Na hapa Kenya tusijione mbali na jambo hili: mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa huweza kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, lakini naye sharti aombe cheti cha msamaha huo, na wako wanaoacha kwa kuona haya.

Nasi tunaoulizwa, tujifunze kunyamaza kidogo kabla ya kusema. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi tulidhani maneno hayo yamhusu anayekuja na swali tu, kumbe yamhusu pia anayejibu. Siku hizi mtu akitujia na swali la namna hii, kwanza twamuuliza: kitu chenyewe ni nini, kinatoka kwa nani, na wewe mwenyewe kinakutia uzito gani? Kahawa hupoa, na twaiacha ipoe.

Mola atusamehe tuliyoyasema bila ujuzi, na awaponye wote wenye majeraha ya kuonekana na yasiyoonekana. Wabillahi tawfiq.