Bagamoyo, Mji wa Kutua Mizigo



Nalikwenda Bagamoyo kuonana na walimu wenzangu. Toka Dar es Salaam ni kilometa kama 70 tu, na motokaa hufika upesi. Wazee wetu waliufikia mji huu kwa taabu. Wapagazi walitoka Ujiji na Tabora, wamechukua pembe za ndovu mabegani kwa miezi, na walipoiona bahari walibwaga mizigo yao, mioyo ikatulia. Wengi husema ndiko lilikotoka jina: bwaga moyo. Wengine husema ni kilio cha watumwa, walioiacha mioyo yao pwani kabla ya kuvushwa Unguja. Basi njia ilikuwa moja, bali huyu alikuja kupokea ujira wake, na huyu alikuja kuuzwa.

Zamani mji huu ulikuwa mkubwa. Wadachi waliufanya makao ya serikali yao, hata mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli toka huko, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mizigo ya bara ikaifuata reli. Leo nyumba kadha wa kadha za mawe ni magofu. Wenyewe walikuwa matajiri, watu wakiwainukia wapitapo; sasa mtoto achezaye kivulini mwa kuta zao hayajui majina yao.

Nikafika misioni, iliyoanzwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Uko hapo mnara wa kanisa la kale, ambapo Februari 1874 ulilazwa mwili wa David Livingstone. Alikuwa amekufa Mei 1873 katika nchi ya Chitambo, ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua miezi kama tisa mpaka pwani. Wengine walikufa njiani. Karibu na Tabora Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike hapo hapo, hawakukubali. Walipozuiliwa kupita na maiti, waliufunga mfano wa mtumba wa nguo, wakapita.

Nawauliza ninyi walimu na wazee wa kanisa: katika safari ile kiongozi alikuwa nani? Bwana wao amekufa. Hawezi kuwaamuru, wala kuwasifu, wala kuwalipa. Tena Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa mwaka 1861 mikononi mwa wauza watu. Yeye aliyekuwa bidhaa ndiye aliyewaongoza watu huru kwa uaminifu. Livingstone alipozikwa London, Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Kazi yao walikuwa wameimaliza.

Siku hizi twaona watu wakigombea viti, hata ndani ya kanisa. Mtu akikosa cheo hununa, akikipata husahau mzigo. Nasi wazazi twawaambia watoto, “Soma upate kuwa mkubwa,” lakini ni mara ngapi twawaambia, “Soma upate kuwachukulia wengine mizigo yao”? Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu, hakuona haya.

Nyakati hubadilika, wala hatuwezi kuzizuia. Msafara uliishindwa reli, nayo reli ikapata wenziwe barabarani na angani. Kwa hiyo wapelekeni watoto shule, wajifunze kazi za wakati wao. Lakini kila jioni mwulizeni mtoto, “Leo umemsaidia nani?” Mtoto aliyezoea kuchukua mzigo mdogo nyumbani hatautupa mkubwa njiani, hata asipoonwa na mtu.

Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akajichagulia jina la David. Hakuacha nyumba ya mawe wala milango ya nakshi, na bado twamtaja.

Mungu azibariki nyumba zenu.