Uwatu Uliopanda Hadi Eldoret

Katika mkoba niliosafiri nao kwa basi la usiku kutoka Mombasa mlikuwamo amana za dada yangu: habasoda, na uwatu ratili mbili. Eldoret, ambao wenyeji waliuita Sisibo kwa namba 64 ya shamba ulipozaliwa mji, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa pwani hutia udhu wa alfajiri huko kwa kusitasita.

Dada yangu ana kisukari, na mafuta ya damu yamempanda. Kila asubuhi alikunywa maji ya uwatu uliorowekwa usiku kucha, kisha vidonge vyake. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alianza kutetemeka; jasho likamchuruzika katika baridi ile. Bintiye alimpima: 3.1, na chini ya 4 ni hatari. Kikombe cha chai yenye sukari tele kilimrejesha, alhamdulillahi.

Uwatu una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia damuni. Vidonge navyo huishusha. Viwili hivyo vilikutana bila daktari kujua.

“Mama, mbona hukutuambia?” aliulizwa kliniki.

“Niliona haya, mwanangu. Nilidhani mtanicheka.”

Hakuna aliyecheka. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na habasoda ameisifu, kumficha tabibu hakumo katika mafunzo hayo. Daktari alipunguza vidonge, akaagiza apimwe tena baada ya wiki mbili. Siku hizi pakiti ya uwatu huenda kliniki pamoja na kadi yake.