Kereng'ende wa Ruvubu na mchanga wa msikiti

Tulitoka Biharamulo baada ya swala ya alfajiri, wajumbe wanne wa kamati pamoja na wanafunzi wa madrasa, tukashika barabara ya Lusahunga na Benaco katikati ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Nia ilikuwa kuwaonesha watoto maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara. Daraja la hapo wazazi wao wanalikumbuka kwa huzuni: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walilivuka kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji. Leo Mto Kagera unazungusha hapo mitambo ya megawati 80, umeme wa nchi tatu.

Watoto hawakushughulika sana na mitambo. Tulipokwenda kutawadha kando ya Ruvubu, mto utokao Burundi na kuungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko, macho yao yalitekwa na kereng'ende. Mmoja, mwenye milia ya njano na nyeusi na mkia uliotuna nchani, alitua kwenye jiwe hatua moja tu kutoka kwetu. Ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Gomphidae.

Tuliwaeleza kuwa huyo arukaye amebakiwa na wiki chache tu za kuishi. Umri wake mkubwa ameumaliza chini ya maji, amejifukia mchangani, akipumua kwa kuvuta maji kupitia sehemu ya nyuma ya mwili, Subhanallah. Mdomo wake wa chini hukunjwa, kisha hufyatuka kama mkono na kunasa windo. Siku yake ikifika hupanda ukingoni, gamba hupasuka mgongoni, naye hutoka na mbawa. Tope likiufunika mchanga ule, au mchanga wenyewe ukizolewa, hana pa kukulia.

Hapo mtoto mmoja akauliza: "Ustadhi, na ule mchanga wa msikiti wetu umetoka wapi?"

Tulitazamana. Mchanga wa kujengea mahali pa kutawadhia tuliuagiza sisi wenyewe: malori matano kutoka kijito kilicho jirani na msikiti, na matatu yalikwisha kumwagwa uani. Tumefundishwa tusifuje maji ya udhu hata tukiwa penye mto utiririkao. Habari ya mchanga hatukuwahi kuiuliza.

Jioni tulipitia kijitoni. Palikuwa na mashimo yaliyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kingo zilizobomoka. Hatukuona kereng'ende hata mmoja, ingawa tukiri kuwa jua lilikwisha kuinama.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Mchanga wa machimbo ya nchi kavu ni ghali kwa sababu ya usafiri, na mweka hazina alisema, kwa haki, kwamba fedha ile ni amana ya waumini. Hata hivyo malori mawili yaliyosalia yamefutwa. Ujenzi utasubiri michango, na kwa sasa tunaendelea kutawadha kwa ndoo na kata.